Kugawana si Kugawiwa: Uhakiki wa Michezo ya Kompyuta Inayotegemea Mashine Nyingi

Utangulizi

Vijana wanaopenda michezo ya kompyuta hapa Rumonge huuliza swali moja ambalo linaonekana jepesi. Kama kompyuta moja ya zamani inashindwa kuendesha mchezo mpya, je, tukiziunganisha kompyuta kumi za zamani kwa kebo, hazitasaidiana kuubeba mzigo huo? Swali hili lina mantiki ya watu wa ziwani. Mtumbwi mkubwa mtu mmoja hauwezi, lakini watu kumi wakiushika pamoja unapanda mchangani. Kwa nini mashine zisifanye hivyo?

Watengenezaji wa michezo wamekuwa wakilijibu swali hilo kwa njia mbalimbali kwa zaidi ya miaka thelathini. Wapo walioigawa kazi ya mchezo kati ya kompyuta zilizomo katika chumba kimoja. Wapo pia walioihamishia kazi hiyo kwenye seva zilizo mbali, katika kile kinachoitwa wingu, na kumwachia mchezaji skrini tu. Njia zote mbili huelezwa kwa neno lile lile: kugawana kazi. Lengo la makala haya ni kuhakiki michezo kadhaa ya aina hiyo na kuonyesha kwamba neno hilo limebebeshwa mambo mawili tofauti. Hoja yangu ni kwamba baadhi ya michezo inayotangazwa kuwa ya kugawana ni michezo ya kugawiwa, na kwamba kwa mchezaji aliye kwenye ufuko wa Tanganyika tofauti hiyo ina uzito mkubwa.

Kitenzi gawa na jamaa zake

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna bahati, kwa sababu lugha yenyewe imekwisha kututenganishia mambo haya. Kutokana na kitenzi gawa tunapata gawana na gawiwa. Katika kugawana, kauli ni ya kutendana: kila mhusika ni mtendaji na kila mhusika ni mpokeaji. Katika kugawiwa, kauli ni ya kutendwa: mhusika anapokea fungu lake, na yule aliyelikata fungu hilo huenda hata asitajwe katika sentensi. Mnyambuliko mdogo wa silabi moja unabadilisha nani mwenye uamuzi.

Tofauti hii tunaiona kila asubuhi mialoni. Uvuvi wa ndagala hufanyika usiku. Mitumbwi miwili huunganishwa kwa miti, taa huwashwa ili kuwavuta samaki, wavu hushushwa majini, kisha huinuliwa na watu wa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kukipambazuka hesabu hupigwa: gharama za usiku, fungu la mwenye vyombo, fungu la wavuvi. Wavuvi waliovuta wavu pamoja wanagawana fungu lao. Mtu aliyekuja asubuhi kusaidia kupakua anagawiwa samaki kidogo. Wote wawili huenda nyumbani na kitoweo, lakini mmoja tu ndiye anayeweza kuuliza hesabu.

Kutokana na tofauti hiyo, napendekeza kipimo kimoja rahisi cha kuhakikia michezo ya kompyuta inayotegemea mashine nyingi. Kebo ikikatika, nani anabaki na nini? Kama kila mmoja anabaki na mchezo wake, hapo palikuwa na kugawana. Kama mmoja anabaki na kila kitu na mwingine anabaki na skrini nyeusi, hapo palikuwa na kugawiwa. Nitakitumia kipimo hiki kwa mifano ifuatayo, lakini kwanza lazima nilijibu swali la vijana wetu.

Mzigo usiobebeka kwa mikono mingi

Wahenga wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wakasema pia manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mara nyingi walimu hutupa methali hizi mbili kama mfano wa methali zinazopingana. Kwa mtazamo wangu hazipingani, kwa sababu zinazungumzia kazi za aina mbili. Kuna kazi inayogawanyika, kama kuvuta wavu, na kuna kazi isiyogawanyika, kama kuamua chombo kielekee wapi. Mchezo wa kompyuta una kazi za aina zote mbili ndani yake.

Mchezo ukichezwa, kompyuta hurudia mzunguko mmoja bila kupumzika. Inasoma vitufe vilivyobonyezwa, inapiga hesabu ya nani yuko wapi na nani amempiga nani, kisha inachora picha. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde unaupa mzunguko huo milisekunde 16 na kitu tu. Kuchora kunagawanyika vizuri: mmoja anaweza kuchora upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia. Lakini hesabu ya mchezo ni mlolongo. Siwezi kujua kama mshale umempata adui kabla ya kujua adui alikuwa amesimama wapi, na siwezi kujua alisimama wapi kabla ya kujua kama njia yake ilikuwa imezibwa. Hatua ya pili inaisubiri ya kwanza.

Mhandisi wa Marekani Gene Amdahl aliieleza hali hii mwaka 1967, na kanuni inayotokana na maelezo yake bado inafundishwa kwa jina lake. Tuseme asilimia 40 ya kazi haigawanyiki. Ukileta mashine kumi, ile asilimia 60 inayogawanyika itashuka hadi 6, lakini 40 itabaki palepale. Kazi iliyokuwa 100 sasa ni 46. Umeleta mashine kumi, umepata kasi inayozidi maradufu kidogo tu. Hata ukileta mashine elfu moja, hutafikisha mara mbili na nusu. Tena hapo bado sijahesabu muda wa mashine kusubiriana. Kompyuta ikitafuta kitu katika kumbukumbu yake yenyewe, inakipata ndani ya sehemu ndogo mno ya milisekunde. Ikilazimika kukiuliza kwa jirani kupitia kebo, inasubiri muda ulio mrefu mara maelfu.

Mfano mzuri ni EVE Online, mchezo wa vyombo vya anga uliotengenezwa Iceland na kuanza mwaka 2003. Maelfu ya wachezaji huishi katika ulimwengu mmoja, na kazi imegawanywa kati ya seva nyingi: kila mfumo wa nyota una seva inayoushughulikia. Mgawanyo huo unafaa mpaka watu wote wanapokusanyika mahali pamoja kupigana. Vita vya mahali pamoja havigawanyiki. Waundaji wake walitafuta dawa ya ajabu: msongamano ukizidi, mchezo unapunguza mwendo wa wakati wenyewe, hadi kufikia sehemu moja ya kumi ya kasi ya kawaida. Ndiyo maana pambano kubwa la Januari 2014 katika mfumo unaoitwa B-R5RB lilichukua takriban saa 21.

Kwa hiyo jibu kwa vijana wa Rumonge ni hapana. Kompyuta kumi za zamani hazigeuki kompyuta moja mpya. Lakini jibu hilo si mwisho wa mambo, kwa sababu zipo njia nyingine za kugawana ambazo hazihitaji muujiza huo.

Doom: macho matatu, akili tatu

Doom, mchezo wa kampuni ya id Software, ulitoka Desemba 1993. Unajulikana kwa bunduki na mashetani wake, na wengi waliouandika waliishia hapo. Mimi navutiwa na jambo ambalo lilikuwamo katika matoleo yake ya mwanzo kabisa na baadaye likaondolewa. Mtu mwenye kompyuta tatu kwenye mtandao mmoja wa ndani aliweza kuzipanga zikawa dirisha moja pana: ya katikati ikionyesha mbele, ya kushoto ikionyesha ubavu wa kushoto, na ya kulia ubavu wa kulia. Mchezaji alikuwa mmoja, mashine zilikuwa tatu.

Ukiangalia namna jambo hili lilivyofanyika, utaona busara yake. Kompyuta ya katikati haikuzitumia zile mbili picha. Ilizitumia habari fupi mno: mchezaji amebonyeza nini sasa hivi. Kila mashine ilikuwa na mchezo wote ndani yake, ikapiga hesabu yote yenyewe, kisha ikachora upande wake. Kwa kuwa zote zilianza sawa na zilipata habari sawa, zilifikia matokeo sawa. Wachezaji wanne walipocheza pamoja, utaratibu ulikuwa huohuo.

Uhakiki wa haki unapaswa kutaja udhaifu pia. Kwanza, hapa hapakuwa na kupunguza mzigo. Hesabu ileile ilifanywa mara tatu, na mashine dhaifu haikupata nafuu yoyote kwa kuwekwa karibu na yenye nguvu. Kilichoongezeka ni upana wa macho. Pili, matoleo ya mwanzo yalisambaza ujumbe wake kwa kila kompyuta iliyokuwa kwenye mtandao, hata zile zisizocheza, na hivyo mchezo wa watu wanne ungeweza kukwamisha kazi za ofisi nzima. Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye.

Pamoja na hayo, Doom inafaulu kipimo chetu. Kata kebo, na kila mashine inabaki na mchezo kamili. Naulinganisha na ngano tulizosimuliwa na nyanya zetu. Watoto kumi wakisikiliza, kila mmoja huondoka na ngano nzima, si sehemu ya kumi. Msimulizi akilala, au hata akifariki, ngano haifi. Mwaka 1997 waundaji wa Doom walitoa hadharani msimbo wake, na mpaka leo watu wanaendelea kuurekebisha ili uendeshwe kwenye mashine mpya. Kazi ya sanaa iliyogawanywa kwa namna hiyo ni vigumu kupotea.

Age of Empires: kumsubiri mwenye mashine dhaifu

Mchezo wa pili ni Age of Empires wa mwaka 1997, kazi ya Ensemble Studios. Hapa wachezaji hufikia wanane, na kila mmoja ana kijiji, wakulima na askari. Mwaka 2001 wawili kati ya waandishi wa programu yake, Paul Bettner na Mark Terrano, walieleza hadharani tatizo walilokuwa nalo. Modemu waliyoilenga ilipitisha kilobiti 28.8 tu kwa sekunde. Kupitia uwazi mdogo kiasi hicho, haiwezekani kutuma habari za mamia ya askari kila wanaposogea.

Suluhisho lao linafanana na la Doom, lakini limekomaa zaidi. Mashine hazitumiani habari za askari, zinatumiana amri. Nikiwaambia askari wangu hamsini waende mtoni, kinachosafiri kwenye kebo ni sentensi moja: hawa waende pale. Kila mashine inayatekeleza maagizo hayo yenyewe, katika zamu ileile iliyokubaliwa. Ili zamu zilingane, amri niliyoitoa sasa haitekelezwi papo hapo bali baada ya zamu mbili, ili ipate muda wa kuwafikia wote.

Utaratibu huu unadai uaminifu wa kutisha. Waandishi hao walieleza jinsi kosa dogo lilivyoweza kuharibu kila kitu. Paa mmoja akiwekwa katika ramani ya mashine moja akiwa amepinda kidogo kuliko katika nyingine, atakula majani mahali tofauti kidogo. Dakika kadhaa baadaye mwindaji anayemfuata atapita njia nyingine kidogo, mkuki wake utakosa, na nyumbani hapatakuwa na nyama. Kuanzia hapo wachezaji wanadhani wako katika mchezo mmoja, kumbe kila mmoja yuko katika dunia yake. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi hili si geni. Ngano ikipokewa tofauti kidogo katika vijiji viwili, baada ya vizazi kadhaa tuna ngano mbili.

Kuna sifa moja ya utaratibu huu ambayo wahakiki wengine wataiita kasoro, nami naiona kuwa kiini chake. Kwa kuwa zamu lazima zilingane, mashine iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopanga mwendo wa wote. Nilipokuwa shule ya sekondari nilicheza toleo la pili la mchezo huu, la mwaka 1999, katika chumba kimoja cha mjini Rumonge chenye kompyuta chache za mitumba zilizounganishwa kwa swichi moja. Intaneti haikuwapo, wala hatukuihitaji. Mashine iliyokuwa karibu na mlango ilikuwa nzito kuliko nyingine, na majeshi yalipokuwa makubwa, sote tulitembea kwa mwendo wake. Hatukumfukuza aliyekuwa ameikalia. Tulikubaliana kupunguza idadi ya watu ambayo kila mchezaji anaruhusiwa kuwa nayo, na mchezo ukaenda. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Muundo wa mchezo wenyewe uliufanya udhaifu wa mmoja kuwa jambo la wote, na ukatulazimisha kuzungumza.

Hapo ndipo ninapoona maana kamili ya kauli ya kutendana. Kugawana si kupokea faida tu. Ni kugawana uzito na uchelewaji pia.

SimCity: kisingizio cha kugawana

Sasa tuelekee upande wa pili. Machi 2013 kampuni ya Electronic Arts ilitoa toleo jipya la SimCity, mchezo wa kujenga na kuendesha mji. Mchezaji angeweza kuwa peke yake katika mji wake, lakini hakuruhusiwa kucheza bila intaneti. Siku za mwanzo seva zilizidiwa, na watu waliokuwa wamelipa walishindwa kuingia katika miji yao. Walipouliza kwa nini mchezo wa mtu mmoja unahitaji seva, walijibiwa kwamba sehemu kubwa ya hesabu za mji inafanywa kwenye seva za kampuni, na kwamba kuutenganisha mchezo na seva hizo kungehitaji kazi kubwa ya uhandisi. Kwa maneno mengine, walielezwa kwamba kompyuta zao zilikuwa zikigawana mzigo na seva.

Hazikupita siku nyingi kabla ya wachezaji kugundua kwamba kebo ikichomolewa, mji unaendelea kuishi kwa muda: magari yanatembea, watu wanakwenda kazini. Ni kweli kwamba seva zilikuwa na kazi, kama kuhifadhi miji na kushughulikia mahusiano kati ya mji mmoja na majirani zake. Lakini moyo wa hesabu ulikuwa ukidunda katika kompyuta ya mchezaji mwenyewe. Machi 2014, mwaka mmoja baadaye, kampuni ilitoa marekebisho yaliyoruhusu kucheza bila intaneti.

Mfano huu ni muhimu kwa mhakiki kwa sababu unahusu matumizi ya lugha. Mchezaji alikuwa anafanya kazi kubwa kwa mashine yake na umeme wake, halafu akaelezwa kwamba kazi kubwa inafanywa na mwingine, na kwa sababu hiyo hana haki ya kucheza peke yake. Neno kugawana lilitumika kuficha ufunguo uko mikononi mwa nani. Ni sawa na mwenye vyombo kumwambia mvuvi kwamba wavu uliinuliwa na taa.

Wingu, na umbali wa kutoka Rumonge

Mwaka 2015 Microsoft ilionyesha mchezo wa Crackdown 3, ambamo majengo yangebomoka kipande kwa kipande, hesabu za kubomoka zikisaidiwa na seva za wingu. Mchezo ulipotoka Februari 2019, ubomoaji huo ulikuwamo katika sehemu ya mashindano ya mtandaoni tu. Hadithi yenyewe, ile ambayo mchezaji huicheza peke yake, haikuwa nao. Novemba mwaka huohuo Google ilianzisha Stadia, huduma iliyokwenda mbali zaidi: mchezo wote ulichezeka kwenye seva, na mchezaji alipokea picha kama anayetazama video. Hakuna nchi hata moja ya Afrika iliyokuwa katika orodha yake. Stadia ilifungwa Januari 2023. Wachezaji walirudishiwa fedha za michezo waliyonunua, lakini baadhi ya michezo iliyotengenezwa kwa ajili ya Stadia pekee haikuhamishiwa popote.

Mwenzangu mmoja darasani ameniambia kwamba ninalionea wingu. Kwa maoni yake, kijana wa Rumonge hana fedha za kununua kompyuta yenye kadi ya michoro, lakini simu anayo. Kama kompyuta yenye nguvu iko kwa mwingine na picha inaletwa kwenye simu, je, huo si usawa? Hoja hii ni nzito na sitaipuuza. Kugawiwa si dhambi. Mwenye njaa hagombani na aliyemgawia. Lakini naomba tupige hesabu kabla ya kushangilia.

Stadia ilitaka angalau megabiti 10 kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni kama gigabaiti 4.5. Modemu ya kilobiti 28.8 ambayo Age of Empires uliilenga, hata ikijazwa muda wote, hupitisha takriban megabaiti 13 kwa saa. Tofauti ni zaidi ya mara 340. Anayenunua mega kwa fedha za mfukoni anaelewa maana ya namba hiyo bila kufafanuliwa.

Halafu kuna umbali. Microsoft ilifungua vituo vyake vya data Johannesburg na Cape Town mwaka 2019. Kutoka Rumonge hadi Johannesburg ni takriban kilomita 2,500 ukipima kama ndege anavyoruka. Mwanga ndani ya kebo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 25, kabla seva haijafanya kazi yoyote. Muda huo tayari unazidi ule wa picha moja katika mchezo wa picha 60 kwa sekunde. Tena kebo haziruki kama ndege. Burundi haina bahari. Kebo zinazotuhudumia Afrika Mashariki hutua pwani, Mombasa na Dar es Salaam, na mawasiliano yetu hupita nchi kavu ya majirani kabla ya kufika Bujumbura, kisha yatelemke kilomita 70 hivi kufuata ufuko hadi kwetu. Wingu lina mahali pake duniani, na mahali hapo ni mbali nasi.

Kwa hiyo mwenzangu ana haki kuhusu bei ya mashine, lakini hesabu yake imeacha bei ya njia. Wingu linamwondolea kijana gharama ya kununua mara moja na kumpa gharama ya kulipa kila saa, tena kwa ubora utakaokuwa wa mwisho daima, kwa kuwa yuko mwishoni mwa kebo. Na siku mgawaji akiamua kufunga, hakuna hesabu ya kuuliza.

Suala la mhakiki

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba mwanafunzi wa Kiswahili angebaki na riwaya na mashairi. Sikubali. Msingi wa uhakiki ni kuirudia matini. Ninaposema kwamba mwandishi fulani amemchora mhusika wake vibaya, msomaji wangu ana uwezo wa kufungua kitabu na kunipinga. Doom tunaweza kuufungua leo, zaidi ya miaka thelathini baada ya kutoka kwake, na kunipinga kwa ushahidi. Mchezo uliokuwa Stadia pekee hauwezi kufunguliwa na mtu yeyote. Kinachobaki ni video na kumbukumbu za waliowahi kuucheza, na uhakiki wake hauna pa kusimama.

Suala hili litatufikia hivi karibuni. Wapo vijana wa Afrika Mashariki wanaotengeneza michezo, na bila shaka itakuwapo zaidi inayozungumza Kiswahili, yenye ngano zetu na miji yetu. Ikijengwa kwa namna ambayo haiishi bila seva iliyo bara jingine, tutakuwa tumeziweka ngano hizo katika nyumba ambayo ufunguo wake si wetu. Ikijengwa kwa namna ya Age of Empires, shule yenye kompyuta nane za mitumba na swichi moja itaweza kuicheza, kuihifadhi na kuihakiki, hata siku intaneti haipo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kompyuta nyingi haziwi kompyuta moja kubwa, kwa sababu sehemu ya kazi ya mchezo ni mlolongo usiogawanyika. Nimeonyesha pia kwamba palipo na kugawana kwa kweli, kama katika Doom na Age of Empires, kila mashine hubeba mchezo mzima na kushirikisha wenzake maamuzi tu. Katika SimCity neno kugawana lilitumika kama kisingizio, na katika Stadia lilimaanisha kugawiwa.

Nina mapendekezo mawili. Kwa wanaosimamia vyumba vya kompyuta katika shule na vyuo vya ufuko huu, kabla ya kuuliza intaneti itafika lini, waulize kwanza kama kompyuta zilizopo zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Swichi na kebo chache ni gharama ndogo, na yapo mengi, mbali na michezo, yanayoweza kufanyika juu yake: kugawana vitabu, kamusi, na mazoezi ya darasani. Kwa wenzangu tunaoandika kuhusu teknolojia kwa Kiswahili, tusitafsiri matangazo ya biashara kwa kuazima kauli ya kutendana pale ambapo tendo ni la upande mmoja. Lugha yetu ina gawana na ina gawiwa. Kila moja itumike mahali pake, na msomaji aachwe ajue ni nani aliyeshika wavu.